Kabla hujalipia hilo jiko, niambie litarudije nyumbani

Mkuu, hiyo kadi ya benki irudishe mfukoni kwanza.

Umesema mnakwenda teligeti, yaani kuchoma nyama maegeshoni kabla ya mechi, pale Arrowhead, uwanja wa Chiefs wa futiboli ya Marekani huku Kansas City, na wenzako wa kazini, umeona jiko la mkaa la duara la inchi 22 limeshushwa bei, na shemeji atakuazima gari lake. Ukauliza mbuzi mnunue wapi, viungo gani, boksi la barafu la ukubwa gani, na watu ishirini na kitu watamaliza kilo ngapi. Hayo yana wataalamu wake humu, watakuja. Mimi nimekwama kwenye sentensi uliyoitupia mwishoni: eti mkimaliza kuchoma mtafunika jiko, litapoa wakati mechi inaendelea, mkitoka mnalipakia kwenye buti mnarudi zenu.

Aisee. Hiyo sentensi niliwahi kuisema mimi, neno kwa neno, na nilishailipia.

Sheria ni moja: jiko la teligeti linachaguliwa kwa jinsi litakavyorudi nyumbani. Kuchoma, kila jiko linachoma.

Chukua mechi ya saa sita mchana. Maegesho yanafunguliwa asubuhi, mnahangaika na nafasi, mnapanga meza, mnawasha, na wabongo tulivyo, kila mtu ana lake la kusema kuhusu moto. Saa nne nyama ndiyo inaingia kwenye wavu. Saa tano na nusu kundi zima linakimbilia getini, na wakati huo mkaa ndiyo kwanza umekolea. Vile vitonge vya mkaa vya madukani huku vimeshindiliwa hasa, si mkaa wetu wa gunia. Ukifunika na kuziba matundu ya hewa, vinajivika majivu na kulala tu. Majivu yanatunza joto. Juu unagusa baridi, katikati kuna wekundu. Ndiyo maana maelekezo ya huku ni kuyahesabu majivu kuwa hai mpaka saa 48. Mechi nzima na mapumziko yake ni saa tatu na ushee. Piga hesabu mwenyewe.

Siku yangu ilikuwa ya baridi. Tulikodi gari la safu tatu za viti, lile ambalo buti na abiria ni chumba kimoja. Tulipotoka uwanjani niligusa mfuniko kwa kiganja, ukawa wa baridi kabisa, nikalisokomeza jiko kati ya spika na boksi la barafu. Kumbe spika ilisukuma kile kimkono cha matundu ya chini. Matundu yakafunguka, mkaa uliolala ukapata hewa.

Tukaingia barabara kuu ya I-70, vioo vimefungwa, hita inapuliza. Mdogo wake mke wangu, aliyekaa nyuma kabisa, akaanza kulalamika kichwa. Tukamcheka. Arrowhead mwaka 2014 walipima kelele za mashabiki wakakuta desibeli 142.2, rekodi ya Guinness. Mtu akitoka pale kichwa kinamgonga, nani ashtuke? Baadaye akanyamaza. Nikajua amelala. Kilichotuokoa ni zulia, maana zulia likiungua linanuka. Kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa unaofukuta hainuki, haionekani, na ndiyo ile ile inayomaliza watu kule nyumbani wanaolala na jiko chumbani msimu wa baridi. Mimi nilikuwa nimeijaza kwenye gari na kuwasha hita juu yake.

Tulisimama pembeni ya barabara, milango yote wazi, dogo anatapika kwenye nyasi, mimi namwagia buti maji ya boksi la barafu, yale yaliyoyeyuka, yenye damu ya kuku na vizibo vya soda vinaelea. Mvuke ukapaa na majivu, yakatua kwenye dari, kwenye viti, kwenye koti langu. Chini ya jiko zulia lilikuwa na tundu la kuingia sahani, na plastiki iliyofunika tairi la akiba imejikunja.

Dogo alipona, tunashukuru Mungu. Walimwekea oksijeni usiku ule. Bili za hospitali za Marekani mnazijua, siandiki hapa, presha itapanda upya. Waliotukodisha gari nao wakaleta yao: zulia, usafi, na kila siku ambayo gari lilikaa gereji bila kuingiza hela. Ile bima niliyobandikwa kaunta? Kwenye masharti kulikuwa na kipengele cha vitu vinavyowaka, kimeandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Na yule muuzaji! Kijana wa dukani, aproni safi, ndevu zimechanwa, ndiye aliyeniambia "ziba matundu, dakika ishirini limekufa". Alilisema kwa kujiamini kiasi kwamba mimi, niliyekuzwa na jiko la mkaa, nikamwamini mtu ambaye hajawahi kusugua sufuria yenye masizi. Nilirudi kumtafuta, nikaambiwa kahamishiwa idara ya rangi. Mungu awalinde wanaopaka nyumba.

Najua mnachotaka kuandika hapo chini: mtoto wa Tabora anashindwaje na mkaa. Sawa, chekeni. Lakini nyumbani ni nani aliwahi kulisafirisha jiko baada ya kupika? Mama alinyunyizia maji, makaa yaliyobaki akayaanika ya kesho, majivu yakaenda shimoni. Jiko la mkaa kwetu halipandi Noah.

Kwa hiyo wewe na gari la shemeji: jiko la gesi la mezani, vichomeo viwili, miguu inayokunjwa. Ukizima mapema, wakati mnakusanya viti, mpaka mnaondoa meza jiko limeshapoa. Chomoa mtungi kwenye jiko kabla ya kupakia, na mtungi usafiri ukiwa wima. Angalia tu iwe propeni. Vile vijiko vyembamba vyenye kopo la butani vinasumbua huku kuanzia Novemba, kwa sababu butani ikikaribia nyuzi sifuri inagoma kugeuka hewa. Propeni inavumilia mpaka -42. Hata hivyo mtungi mdogo kwenye baridi kali unazubaa, moto unakuwa wa kubembeleza, kwa hiyo beba wa akiba. Ile mechi ya Chiefs na Dolphins ya Januari 13, 2024 ilianza kwenye nyuzi -20 za Selsiasi. Mimi siku hiyo nilikuwa sebuleni, sina aibu.

Utaniambia gesi haina ladha ya moshi. Funga vipande vya mti wa hikori kwenye foili, toboa toboa, weka juu ya kichomeo. Kwa mishkaki inatosha. Kidari cha ng'ombe cha Kansas City kinakaa kwenye moshi zaidi ya saa kumi, hutakimaliza maegeshoni hata ukiwa na jiko la dola elfu moja. Kanunue kilichoiva, ukipashe moto, uwadanganye wenzako ofisini.

Ukiwa mbishi wa mkaa, basi hivi: washa kiasi kidogo, acha kuongeza saa moja na nusu kabla ya mechi, kisha chukua koleo refu uhamishe makaa, moja moja, kwenye ndoo ya bati yenye maji. Usimwage maji ndani ya jiko lenyewe, mvuke utakubabua. Koroga mpaka pasisikike tena kunong'ona ndani ya maji, chuja, peleka kwenye pipa maalumu la makaa kama maegesho yenu yanayo. Viwanja vingi vimeyaweka. Usitupe humo mtungi wa gesi hata ukiwa mtupu, tafadhali. Na ndoo yenye makaa, hata yaliyolowa, mimi siipakii ndani ya gari lenye watu. Wenye pikapu wanaiweka nyuma kwenye bodi, wewe huna pikapu.

Kuhusu kuku, nunua kipimajoto cha kuchoma nyama, ni dola chache: kuku nyuzi 74 katikati, nyama ya kusaga 71. Boksi la barafu chukua mawili, nyama mbichi peke yake, vinywaji peke yake. La vinywaji linafunguliwa kila dakika na watu wenye kiu. Kilo ngapi, sijui, inategemea umealika Wasukuma wangapi. Viungo, chumvi na ndimu. Kulikuwa na swali lingine nimelisahau.

Ila hujasema gari la shemeji ni la aina gani. Piga picha ya buti, uiweke hapa kabla duka halijafunga.