Kabla ya nauli ya Dar, tafuta jukwaa

Kila likizo vijana wa Iringa na Mbeya hunitafuta na swali lilelile: dada, naingiaje kwenye filamu? Wengi wanakuwa wameshapanga kila kitu: nauli ya basi, chumba cha kuchangia na rafiki huko Dar, kisha kusubiri simu ya mwongozaji. Mimi nasema tafuta kwanza kikundi cha maigizo hapo ulipo, hata kama kinafanyia mazoezi chini ya mti kwenye uwanja wa shule ya msingi.

Mimi nimetokea huko. Kikundi chetu kilikuwa kikiitwa kwenye kampeni za afya vijijini Mufindi na Kilolo, siku za gulio. Ngoma inapigwa kwanza ili watu wajae, kisha igizo linaanza katikati ya duara, bila maikrofoni wala pazia. Mama aliyeacha vitunguu vyake aje kukutazama hana muda wa kupoteza. Ukipwaya, anarudi kwa wateja wake. Na baridi ya Juni kule Mufindi haimhurumii anayetoa sauti kooni. Utajifunza kuitoa tumboni, la sivyo ukifika mwisho wa igizo huna sauti tena.

Kilichonijenga kuliko vyote ni jukwaa shirikishi, mbinu iliyoasisiwa na Mbrazili Augusto Boal. Mnaigiza mpaka mgogoro unapopamba moto, mnasimama, mnawauliza wanakijiji: huyu mke afanye nini? Mtu anatoka kwenye hadhira, anachukua nafasi ya mke, na wewe uliye mume lazima umjibu. Yeye hana mistari aliyokariri, kwa hiyo huwezi kujua atasema nini. Itabidi umsikilize kwelikweli.

Usikilizaji huo ndio kamera inaoutafuta. Anayetoka jukwaani huja na mikono mikubwa na uso wa kumfikia mtu wa nyuma kabisa, na hayo hupungua kwa mazoezi. Lakini uso usiosikiliza, unaosubiri tu zamu yake ya kusema, kamera ikisogea karibu kila mtazamaji atauona. Marehemu Mzee Majuto alikuwa bwana wa jambo hili: mwenzake akisema, tayari unacheka kwa kumtazama yeye tu. Naye alianzia jukwaani, na alijulikana nchi nzima huku nyumbani kwake pakiwa Tanga. Steven Kanumba naye alipitia kundi la maigizo la Kaole kabla ya filamu kumpa jina.

Mambo mengine ya kamera utayazoea kazini. Kipande kimoja hurudiwa mara nyingi, kwa hiyo kumbuka kikombe ulikinyanyua kwa mkono upi na kwenye neno gani. Filamu hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Unaweza kuzika mume asubuhi na kuolewa naye jioni. Weka daftari, uandike kwa kila tukio mhusika wako ametoka wapi na anajua nini mpaka hapo.

Ukitaka shule, TaSUBa ya Bagamoyo imekuwa ikifundisha sanaa tangu 1981, ilipoanza kama Chuo cha Sanaa. Nenda, lakini nenda ukiwa umeshasimama mbele za watu. Na lafudhi yako ya Kihehe au Kinyakyusa usiifute. Jifunze Kiswahili cha pwani kama nyongeza, maana wahusika wa kutoka kwetu nao wanahitaji mtu wa kuwaigiza vizuri.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi wadogo zangu wa kike. Mkataba usainiwe kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, uonyeshe malipo, siku za kazi, nauli na malazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, usikubali kuambiwa huna haki. Anayekudai pesa ili akupe nafasi, mwache. Usaili ufanyike ofisini au ukumbini, mchana, na uende na mtu. Ukiitwa chumba cha wageni, usiende. Mwenye madaraka anayedai mwili wako ili akupe kazi anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Tunza ujumbe wake, mwambie mtu mzima unayemwamini, na upige simu TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure.