Re: Mama anahitaji operesheni, SHA wanataka ya mwaka mzima

Pole sana ndugu. Kumbe unataka kuuza ng'ombe wa maziwa ulipe mchango wa mama wa SHA, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, kwa sababu mahindi bado iko shambani, tafadhali usimuuze kwanza, huyo ndiye anawalisha kila siku. Anza kwa kupiga *147# kwenye simu uone walimkadiria alipe ngapi, chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na kama maswali ya nyumba na mifugo yalijazwa vibaya omba wamkadirie upya. Ikibaki juu, ulizia Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa ya mwaka halafu unarudisha kidogo kidogo na hela ya maziwa. Mimi ya mwaka unaofuata naitoa siku ile magunia yanauzwa, kabla ya mbolea na fees.