Watoto kuwahoji wazee: majibu ya ndiyo na hapana

Mwalimu, nimekuelewa, watoto wako wakienda kuwahoji wazee kuhusu maisha yao wanasoma maswali kwenye karatasi, mzee anajibu "ndiyo", basi wanarukia swali linalofuata na dakika kumi zimeisha. Shida iko kwenye maswali yenyewe. "Ulipenda shule?" halina pa kwenda, ila "nisimulie siku yako ya kwanza shuleni" mzee ataongea mpaka basi. Waambie waende na mada tano au sita tu, si maswali thelathini, halafu wajifunze kuuliza "ikawaje?" na "hapo ulikuwa unaonaje?" kutokana na kile alichosema sasa hivi.

Na kunyamaza jamani, hili ndo gumu kuliko yote kwa mtoto. Mzee akinyamaza anakumbuka, wasimkatize, wahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Wafanye mazoezi wao kwa wao kwanza darasani, mmoja anahoji, mmoja anajibu, wa tatu anaangalia nani kamkatiza nani.

Simu ya kurekodia mahojiano iwe na chaji, wazime mlio, warekodi sekunde chache wasikilize kabla ya kuanza. Mwanzoni wataje jina, tarehe na mahali.

Ruhusa ni lazima, ya kurekodi na ya kuwasikilizisha wengine, na mzazi ajue. Mzee akigusa vita, msiba au ukatili akaanza kulia, wasichimbe, wamuulize kama anataka kupumzika, na mtu mzima awe karibu. Mtoto akirudi ameshtuka ongea naye siku hiyohiyo, asipotulia mpeleke kwa mshauri nasaha.