Mleta mada, usinunue huo waya mweusi

Umeuliza bei ya shanga za jumla na mambo ya kuuza Instagram, lakini kabla hatujafika huko, rudi pale ulipoandika kwamba umepata "waya mweusi bei chee kwenye duka la vifaa vya ujenzi" wa kutungia vidani vya Kimaasai. Usinunue. Kama umeshatoa hela, kamwombe mwenye duka akurudishie leo hii.

Huo ni waya wa kufungia nondo, bainding waya. Kiwandani unapashwa moto ulainike, basi, zinki ya kuzuia kutu haupakwi. Ndani ya zege hauna tatizo. Shingoni mwa mtu ni habari nyingine, maana jasho lina chumvi na chuma kitupu hakiiwezi chumvi. Kidani cha duara unakijua kilivyo: mizunguko ya shanga imetungwa kwenye waya na kushikiliwa na vipande vya ngozi au plastiki vilivyotobolewa. Waya ndio mifupa ya kitu chote. Kutu inaanzia pale unapopita kwenye ngozi, kwa sababu ngozi inatunza unyevu, halafu inatambaa mpaka ndani ya shanga.

Mimi niliuziwa hapa hapa Arusha. Muuzaji alinikazia macho: "Waya ni waya, tofauti ni rangi tu." Mzigo wote ukaenda kwenye duka moja Mji Mkongwe, Unguja, na hewa ya bahari mnaijua. Vidani vikarudishwa. Nafungua boksi, kila shanga nyeupe ina duara la kahawia kuzunguka tundu, kama jino la mvuta tumbaku. Na nyeupe kwa Wamaasai ndiyo maziwa! Unauzaje maziwa yenye kutu? Vingine ukivikunja kidogo tu waya unakatika, shanga zinatawanyika sakafuni. Nikasema angalau niokoe shanga, nazo kutu imeganda ndani ya matundu, sindano haipiti. Akina mama wa Monduli waliovitunga walikuwa wamefanya kazi safi kabisa, mstari hadi mstari, hakuna shanga iliyopinda. Ujira wao ulikuwa haki yao, niuze nisiuze. Mbuzi wangu wakaenda mnadani ili niwalipe.

Muuza duka ana njaa yake, nitamsamehe siku moja. Sitawasamehe wale wa semina za ujasiriamali waliotusimamia mbele na kalamu zao wakiimba "punguza gharama za malighafi, ongeza faida". Hawajawahi kutunga hata bangili ya mtoto! Anayekwambia ubane matumizi kwenye waya hajui kwamba ukioza waya, umepoteza shanga, ngozi, nauli, mikono ya mama wa watu na jina lako kwa mnunuzi.

Sasa shika hili moja, mengine utayajua mbele ya safari: waya haununuliwi kwa wingi kabla haujalala kwenye chumvi. Omba kipande cha urefu wa kiganja. Kikunje mara mbili tatu, maana zinki mbovu inachanika kwenye mkunjo. Kifunge kwenye kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, kiache mpaka asubuhi, ukiweza hata siku mbili. Kitambaa kikitoka na doa la kahawia, rudisha. Mwuzaji akikataa kukupa kipande cha majaribio, umeshapata jibu lako. Chukua waya mweupe wenye zinki, na hata huo, ncha unayoikata kwa koleo inabaki chuma kitupu, kwa hiyo ikunje irudi ndani na uizibe kwa gundi.

Shanga nazo, nyingine zimepakwa rangi juu juu tu. Sugua chache kwa pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha uone pamba inatoka vipi.

Na kama jamaa wa duka amegoma kurudisha hela, usikae na hilo bunda ndani likakushawishi. Ukipata fundi anayejenga mtaani kwako, muuzie hata kwa hasara, yeye ana nondo za kufunga.