Avebury kwa miguu: usiishie kwenye maegesho

Msomaji mmoja anayeishi London ameandika wiki hii akiwa na hasira kidogo. Alipanda treni hadi Swindon, akaunganisha basi, akafika Avebury, kijiji cha Wiltshire, Uingereza, chenye duara la mawe la kale, akapiga picha mawe matano, akanywa chai, akageuza. Sasa anauliza watu wanapasifia nini mahali penye mawe na kondoo. Swali ni la haki, na jibu ni fupi: hakutembea. Avebury haionekani yote ukiwa umesimama sehemu moja. Ardhi ya pale ina migongo na mabonde, na kila kitu kinajificha mpaka uwe umekipandia au kukishukia.

Mzunguko unaofaa ni wa kama kilomita 6. Unatoka maegesho ya National Trust, shirika la kuhifadhi maeneo ya kihistoria, kusini mwa kijiji, unapita duara la mawe, njia ya mawe ya West Kennet, mgongo wa Waden Hill, kilima cha Silbury na kaburi refu la West Kennet, halafu unarudi kwa njia ya bondeni kando ya kijito cha Winterbourne. Mtu mzima asiye na haraka atatumia saa mbili na nusu. Mwenye watoto aweke tatu na nusu. Ramani ya karatasi ni OS Explorer 157. Wengi huzunguka kinyume, wakianza na Silbury kwa kuwa njia yake inaanzia mkabala na maegesho. Usifanye hivyo. Utakitazama kilima kile tangu hatua ya kwanza, na ukikifikia kitakuwa kimeshakuchosha.

Ingia kijijini, kisha uanze na robo ya kusini-magharibi ya duara. Barabara zimeligawa duara mapande manne, na kijiji kimejengwa humo humo ndani. Hili ndilo duara kubwa kuliko yote ya mawe duniani. Handaki na tuta vinavyolizunguka vina kipenyo cha zaidi ya mita 400, na duara la nje lilikuwa na mawe kama 100. Handaki unaloliona limejaa udongo wa miaka zaidi ya 4,000. Lilipochimbwa kwa pembe za kulungu lilikuwa na kina cha mita 9 hivi. Teremka ukingoni, simama chini, tazama juu ya tuta, halafu jaribu kulifikiria likiwa na kina mara mbili. Sehemu za juu ya tuta hufungwa mara kwa mara ili nyasi zipone. Ukikuta kamba, usipande; pita chini ya tuta.

Mwenye haraka hukosea hapa: huhesabu mawe yaliyosimama, akadhani hayo ndiyo yote. Tazama na vinguzo vya zege. Kila kimoja ni kaburi la jiwe. Katika karne ya 14 wanakijiji waliyaangusha mawe mengi wakayafukia, na jiwe moja lilikuwa juu ya mifupa ya mtu aliyekutwa na mkasi na sarafu za fedha alipofukuliwa mwaka 1938. Karne ya 17 na 18 mambo yakawa mabaya zaidi, kwani watu walitaka mawe ya kujengea. Walichimba shimo chini ya jiwe, wakawasha majani makavu mpaka likaiva kwa moto, wakachora mstari kwa maji baridi, kisha wakalipiga nyundo. Jiwe la saseni, aina ya jiwe la mchanga ambayo ndiyo mawe ya hapa, ni gumu mno, lakini moto na maji kwa pamoja hulipasua. Zitazame kuta za nyumba za kijiji na utayaona mawe yenyewe yakiwa vipande. Mwanaakiolojia Alexander Keiller ndiye aliyeyasimamisha yaliyofukiwa, miaka ya 1930, na vile vinguzo ni alama zake za mahali palipokuwa na mawe yaliyopotea.

Endelea kwa mwendo wa saa. Kaskazini, kando kabisa ya barabara, kuna jiwe kubwa la umbo la almasi ambalo halijawahi kuanguka. Ruhusa ya kuyagusa mawe ipo, na hakuna tiketi. Kwa maoni yangu, hilo peke yake linaipa Avebury ushindi dhidi ya Stonehenge, ambako unalipa na bado unaishia nyuma ya kamba.

Toka kwa upande wa kusini-mashariki, uvuke barabara kwa uangalifu, uingie kwenye njia ya mawe. Zamani ilikuwa na jozi kama 100 za mawe kwa urefu wa kilomita 2.4, hadi mahali paitwapo The Sanctuary. Leo yamesimama 27 tu, yote upande wa kaskazini. Tembea katikati, wala usiambae pembeni. Mara nyingi jiwe refu jembamba linatazamana na jiwe pana lenye pembe, na ukitembea pembeni huioni kabisa jozi hiyo. Malisho haya yana kondoo, kwa hiyo mbwa afungwe kamba na geti lifungwe nyuma yako. Samadi utaikanyaga, usijisumbue kuikwepa.

Mawe yanapokoma, shika njia ya kulia inayopanda Waden Hill. Wengi huchoka hapa wakarudi, na huyu msomaji wetu nadhani hata hapa hakufika. Ni mwinuko mdogo tu, ila mvua ikinyesha udongo wa chaki huteleza kama sabuni, hivyo shuka kwa hatua fupi ukiwa umegeuza miguu upande. Ukifika juu, Silbury kinaibuka chini yako ghafla, na ng'ambo ya bonde, juu ya mgongo wa pili, unaliona kaburi refu. Kaa hapo dakika kumi, maana hakuna mahali pengine katika mzunguko huu panapokuonyesha vyote viwili namna hiyo.

Silbury kilijengwa na watu karibu mwaka 2400 KK. Kina kimo cha zaidi ya mita 30, kwa chaki na udongo unaokadiriwa kufikia nusu milioni ya tani, na licha ya kuchimbwa mara kadhaa hakuna kaburi lililopatikana ndani. Kukipanda ni marufuku, na sababu si ukali wa walinzi. Shimo lililochimbwa kutoka kileleni mwaka 1776 lilititia mwaka 2000, ikabidi kilima kifanyiwe ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2008. Utawaona watu wakipanda. Wasikushawishi.

Sasa barabara ya A4. Hii ndiyo hatari pekee ya kweli siku nzima. Magari yanakwenda kasi na hakuna taa za kuvukia, hivyo vuka mahali unapoona mbali pande zote mbili, na watoto washikwe mkono. Upande wa kusini ingia getini, pita daraja dogo la mto Kennet, kisha upande kando ya shamba hadi kaburini.

Kaburi lina urefu wa mita 100 na lilijengwa karibu mwaka 3650 KK. Ndani mna vyumba vitano, na mabaki ya watu 36 au zaidi yalitoka humo. Mawe makubwa yaliyosimama mbele ni kizibo: waliofunga kaburi waliyaweka ili asiingie mtu tena. Zunguka nyuma yake, inama, ingia. Kisha simama dakika mbili bila kuwasha chochote, macho yazoee. Kuna vioo darini vinavyoleta mwanga hafifu. Ndipo uwashe tochi, lakini usimulike jiwe moja kwa moja. Iegemeze ukutani, mwanga upite juu ya uso wa jiwe kwa mshazari. Kwa namna hiyo utaiona sehemu laini kama kigae, ambako watu walinoa mashoka kabla jiwe halijajengewa humo. Tochi ya simu ikimulika kutoka mbele inafuta kila kitu. Mishumaa usiwashe: moto hupasua saseni, kama walivyojua wale wavunjaji wa kijijini, na masizi hayatoki.

Rudi kwa njia ile ile hadi A4, uvuke, ufuate njia ya kijito hadi maegesho, mwendo wa nusu saa. Wakati wa baridi maji hupanda, na handaki la Silbury hujaa likawa ziwa. Kati ya Desemba na Machi vaa gambuti au buti refu, na soksi za akiba ziwe mkobani. Desemba jua linazama saa kumi jioni, hivyo aliyeanza saa nane atavuka A4 giza likiingia. Basi la kurudi Swindon ni namba 49. Angalia saa ya basi la mwisho kabla hujaingia kwenye duara, na ukiona muda hautoshi ruka kijiji, usiruke Waden Hill.