Kazi ya sayansi ya jamii kwenye tathmini ya hatari: niliyoyaona Mukuru

Ndugu uliyefungua uzi huu, umesema unasomea uhandisi, umelazimishwa kuchukua somo la sosholojia, na huoni maoni ya watu yana kazi gani mahali penye maabara na vipimo. Nimekusanya data za afya mitaani hapa Nairobi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyashuhudia.

Tulikuwa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, tukipima maji. Mradi ulikuwa na mhandisi, mtu wa maabara, na sisi wa dodoso tuliowekwa mkiani. Sampuli zilichukuliwa kwa utaratibu wa kawaida: fungua bomba, acha maji yatiririke dakika mbili tatu, ndipo ukinge kwenye chupa safi. Majibu yakaja mazuri. Klorini ipo, vijidudu hakuna. Lakini watoto wa ploti zile zile walikuwa wakihara. Rasimu ya ripoti ikasema shida ni kutonawa mikono.

Nikaenda na fomu yangu kwa mama mmoja muuza maji. Kabla sijauliza lolote, akaniuliza yeye: "Nyinyi mlimwaga maji kiasi gani kabla ya kujaza vichupa vyenu?" Nikamwambia kama ndoo moja. Akainua mtungi wa kwanza wa asubuhi ile, akamimina kidogo kwenye beseni jeupe. Rangi ya strungi, na harufu ya mtaro. "Huu ni shilingi 5. Nikiumwaga, ni nani atanilipa?"

Maji ya mgao yakirudi baada ya siku mbili kavu, mtungi wa kwanza unauzwa sawa na mingine. Na watu huwahi foleni alfajiri, maana hakuna ajuaye yatakatika saa ngapi.

Paipu zile za plastiki zimepitishwa ndani ya mtaro wa maji taka. Maji yakikatika, presha hushuka, na paipu hunyonya uchafu kupitia nyufa na viungio. Mhandisi wetu aliyajua hayo vizuri kuliko mimi. Asichokijua ni kwamba pale hakuna anayemwaga maji. Utaratibu wake una sababu nzuri, unataka kupima maji ya mtandao na si uchafu wa mdomo wa bomba, ila kwa Mukuru ulikuwa ukimwaga yale yale wanayokunywa watoto.

Hatari hupimwa kwa ukali wa kitu, na kwa namna mtu anavyokutana nacho. Hilo la pili ni maisha: nani anachota, saa ngapi, anahifadhi wapi, ana shilingi ngapi mfukoni. Kila ripoti ya kiufundi imeshajibu maswali hayo, mara nyingi kwa kukisia, na mwandishi wake hata hatambui kwamba amekisia.

Si kwetu tu. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, mionzi ilifika hadi Uingereza, na wanasayansi wa serikali ya huko waliwaambia wafugaji wa kondoo wa vilima vya Cumbria kwamba zuio la kuuza mifugo lingeisha baada ya wiki chache. Walitegemea tabia ya sizi (cesium, kemikali yenye mionzi) kwenye udongo wa mfinyanzi, ambao huikamata. Vilima vile vina udongo wa mboji wenye asidi, na sizi iliendelea kupanda kwenye majani. Mwanasosholojia Brian Wynne alipowasikiliza wafugaji, alikuta wanajua mengi kuhusu malisho yao ambayo hakuna aliyewauliza. Zuio la mwisho liliondolewa mwaka 2012.

Umetaja pia moto wa mtaa wa Sinai hapa Nairobi, Septemba 2011, uliowaka watu wakichota mafuta yaliyovuja kwenye bomba, ukasema wale zaidi ya 100 waliofariki walikosa elimu. Hapo nakupinga kwa moyo wote. Mtu anayepikia stovu ya mafuta taa kila jioni anajua mafuta yanawaka. Uliza kwanza kwa nini familia ilikuwa inalala kando ya bomba la mafuta.

Mradi wetu ulirudi Mukuru. Safari hii tulifika alfajiri ya siku ya mgao, tukakinga chupa mbili kila bomba, moja ya maji ya kwanza na nyingine baada ya kumwaga. Chupa nyingi za kwanza zilikutwa na vijidudu vya kinyesi. Sentensi ya kunawa mikono ikashushwa chini, juu ikawekwa pendekezo la kutoa paipu mtaroni. Baadhi zimeinuliwa. Nyingi bado zimelala mle mle.