Jibu kwa mjomba aliyeuliza: rivyu ya gemu ya kijana ikosolewe vipi?

Ndugu yangu, umeuliza hivi: mpwa wako wa kidato cha tatu anaandika rivyu za gemu, yaani uhakiki wake, na kuzituma kwenye grupu la familia. Kila mtu anamjibu "safi sana", na sasa amekujia wewe, mjomba wake, anataka aambiwe ukweli. Rivyu aliyokuletea ni ya EA Sports FC, gemu ya mpira wa miguu, sifa mwanzo mwisho, na 9 kwa 10 chini yake. Waogopa kumvunja moyo, na kumdanganya pia hutaki.

Kazi hii ya kusoma rivyu za vijana nimeifanya hapa Mombasa kwa miaka sasa. Wengi wao ni wa Kisauni, Majengo na Likoni, wanaocheza kwenye simu zao au kwenye vibanda vya kulipia vya PS (PlayStation). Nitakujibu kwa urefu, maana jambo lenyewe nalipenda, na kijana anayeomba mwenyewe kukosolewa si wa kujibiwa kwa mstari mmoja.

Anza kwa kuiacha hukumu yake kama ilivyo. Akisema gemu ni tamu na wewe huuoni huo utamu, hapo hakuna la kusahihisha, yeye ndiye aliyecheza. Angalia kama yale yaliyomfikisha kwenye hukumu hiyo yamo kwenye maandishi au yamebaki kichwani mwake. Mimi nikisoma huwa natia alama za aina mbili tu pembeni: hapa nimekuamini, hapa bado. Kijana akiona "bado" zimejazana penye sifa, na "nimekuamini" zimekaa pale alipotaja jambo lililomtokea akiwa na padi mkononi, anaanza kujisoma kwa jicho la mtu mwingine. Ukimrushia masahihisho ya tahajia ukurasa mzima, atarekebisha tahajia na rivyu itabaki vile vile.

Kuna kijana wa Kisauni aliyeniletea rivyu ya eFootball, gemu nyingine ya mpira, ya kwenye simu. Kiini chake kilikuwa hiki: "Grafiki ziko poa, kontroli ziko poa, sauti iko poa. Naipa 8 kwa 10." Sikumwambia ni mbaya. Nilimtumia ujumbe wa sauti: hebu nisimulie mechi ya mwisho uliyofungwa. Akanirudishia sauti ndefu, na kila kilichokosekana kwenye maandishi kilikuwamo. Simu yake ina RAM ndogo, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu. Kona ikipigwa, picha inaganda kidogo, na ikirudi beki wake keshaachwa. Jioni, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, mambo huwa mabaya zaidi. Siku alipopewa Wi-Fi na jirani, mchezo ulitulia lakini kule kuganda kwenye kona kulibaki, kwa hiyo akajua kwamba hilo ni la simu, si la mtandao.

Huyo tayari ni mhakiki. Ametenga tatizo moja na jingine, amejaribu kwa njia mbili, amefikia jawabu. Nikamwambia andika hayo hayo, kwa maneno hayo hayo uliyonisimulia. Toleo la pili lilikuwa fupi kuliko la kwanza, na mwenye simu kama yake angejua la kufanya kabla hajamaliza bando kupakua gemu.

Ndiyo maana namshauri kila mtu aanze na sauti. Vijana wetu kwa mdomo ni mafundi. Wakae barazani, wakueleze mechi, utaiona. Wakishika kuandika wanachukua umbo walilolikuta kwa wengine, la vichwa vya grafiki, sauti, hadithi na alama, wanajaza kila kichwa sentensi moja. Umbo hilo halina kosa kwa anayelijua, ila kwa anayeanza linamruhusu asiseme kitu. Sauti inakuonyesha alichokiona, na kazi yako inakuwa kumrudishia alichokisema mwenyewe.

Jambo la pili la kumwuliza ni amecheza kwenye nini, na lini. Vijana wengi huliona dogo, kwa hiyo mpe mfano wa Cyberpunk 2077. Kabla haijatoka tarehe 10 Desemba 2020, wahakiki walipewa toleo la kompyuta, wakaisifu sana. Watu wakainunua kwa ajili ya PlayStation 4 na Xbox One, wakakuta gemu inayokwama na kujizima. Tarehe 18 mwezi huo huo Sony, wenye PlayStation, ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni, na haikurudi hadi Juni 2021. Waliosifu hawakusema uongo. Walisifu kitu ambacho msomaji wa PS4 hakuwa akinunua. Na eFootball hiyo hiyo, ilipotoka mwishoni mwa Septemba 2021 kwenye kompyuta na konsoli, ilipokewa kwa hasira na kicheko kwa jinsi nyuso za wachezaji zilivyoharibika. Toleo la 1.0.0 likaja Aprili 2022 likiwa limerekebishwa mengi. Rivyu isiyo na tarehe ingemdanganya msomaji bila mwandishi kukusudia. Mstari mmoja unatosha: nimecheza kwenye kifaa hiki, mwezi huu, baada ya apdeti hii.

Kisha mwulize anamwandikia nani, na hapa usikubali jibu la "kila mtu". Nitakaa hapa kidogo kwa sababu rivyu za nje haziwezi kutusaidia. Mhakiki wa London anamwandikia mtu mwenye konsoli sebuleni na intaneti isiyokatika. Wasomaji wa mpwa wako wengi wanacheza kibandani, wanalipa kwa mechi au kwa saa, nyuma yao kuna foleni ya watu wanaosema "maliza bwana". Mtu huyo anataka kujua mambo mengine kabisa. Mechi inapakia haraka au nusu ya pesa inaishia kwenye skrini ya kusubiri? Mgeni anaweza kushika padi na kufurahia hapo hapo, au anahitaji wiki ya kujifunza? Elden Ring ya 2022 ni kazi kubwa na imesifiwa ipasavyo, lakini gemu inayokuua mara kwa mara hadi ujifunze, na inayotaka makumi ya saa, si ya kulipia kwa saa, tena kwenye mashine ambayo mwenzako anaweza kufuta ulipofikia. Sijawahi kuona rivyu ya nje ikilisema hilo, wala si kazi yao kulisema. Mpwa wako anaweza.

Hata padi ni habari. Vibanda vingi vina padi moja ambayo kijiti chake kimechoka, kinamvuta mchezaji kushoto hata ukikiacha. Kijana akilalamika kwamba "kontroli za gemu hii ni nzito", mwulize kwa upole alishika padi ipi, na kama aliijaribu nyingine. Nimeona lawama nzima ya aya mbili ikihama kutoka kwa gemu kwenda kwa padi kwa swali hilo tu.

Rivyu ninayoikumbuka kwa furaha zaidi ni ya binti mmoja wa hapa mjini aliyeandika kuhusu Halo 3: ODST. Kwa asiyeijua, ni gemu ya vita ya kampuni ya Bungie ya Septemba 2009, ilianza kwenye Xbox 360, na tangu 2020 inapatikana kwenye kompyuta, ambako ndiko alikoichezea. Karibu yote inatokea hapa kwetu, mwaka 2552, katika mji unaoitwa New Mombasa uliojengewa lifti ya kupandia angani na kuvamiwa na viumbe wa sayari nyingine. Halo 2 ya 2004 nayo ilikuwa imeleta vita kwenye mitaa hiyo.

Rivyu yake ya kwanza ilikuwa ndefu, imepangika. Alieleza silaha, maadui, saksafoni inayolia unapotembea usiku peke yako kwenye mvua. Yote yalikuwa sahihi, na yote yangeweza kuandikwa na mtu wa Chicago. Lakini katikati, kama kitu kilichomponyoka, palikuwa na sentensi hii: "Nilipoona jina la Kikowani nilisimamisha gemu." Halafu akaendelea na mambo ya bunduki.

Sehemu za gemu ile zina majina kama Tayari Plaza, Kizingo Boulevard na Kikowani Station. Mtu wa Mombasa akilisoma Kizingo anaona mnara wa taa na bahari. Akisoma Tayari anasikia makelele ya Mwembe Tayari. Akisoma Kikowani anaona makaburi. Nikamwandikia binti: sentensi hii ndiyo rivyu yako. Anzia hapa. Ulisimama kwa nini, na ulipoendelea ulikuta nini?

Toleo lililofuata lilianza na ziara za makaburini za utotoni mwake, na jinsi mahali anapopajua kwa ukimya palivyogeuka kwenye kioo kuwa stesheni yenye milio ya risasi. Hakuilaumu gemu kwa hilo. Alisema tu alivyojisikia akipita, kisha akaeleza jinsi ile mvua na muziki vilivyomfanya aamini kwamba kuna mji ulioondokewa. Niliyaamini maneno yake moja kwa moja, nikatia alama nyingi za "nimekuamini".

Lakini palikuwa na "bado" moja kubwa. Aliandika: "Watu wa Mombasa hawamo kabisa kwenye gemu hii." Hilo ni dai, na dai la namna hiyo lazima litazamwe. Gemu ile imetawanya rekodi 30 za sauti zinazosimulia kisa cha msichana anayeitwa Sadie, anayemtafuta baba yake siku ya uvamizi, na polisi wa mji wanaonekana katika baadhi ya sehemu. Nikamwuliza kama alizisikiliza hizo rekodi. Alikuwa amezipita nyingi. Akarudi kucheza, akatafuta, akasikiliza. Hukumu yake haikugeuka, ilinoleka: sasa aliandika kwamba watu wa mji tunawasikia, lakini yeye alizunguka barabara zile usiku mzima bila kukutana na mkazi hata mmoja, na kwamba gemu yenye jina la mji wake ilimwacha mwenye mji kuwa sauti. Nani angebishana naye? Sentensi ya kwanza ningeiangusha kwa mfano mmoja tu. Hii ya pili imesimama, na ni yake.

Kuhusu zile namba, kwa ufupi. Namba zina uzito kweli: Fallout: New Vegas ya 2010 ilifika 84 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya wastani wa alama za wahakiki, na walioitengeneza, Obsidian, wakakosa bonasi iliyowekewa sharti la 85. Wengine wameziacha, kama tovuti ya Eurogamer ilivyofanya mwaka 2015, ingawa baadaye ilirudisha alama kwa njia ya nyota. Kijana anayependa kutoa namba mwache atoe, ila mwulize ni gemu gani aliyowahi kuipa 5, na kwa nini. Asiyewahi kutoa 5, hiyo 9 yake haimwambii msomaji kitu.

Kuna na jingine, la gemu za Kiafrika. Vijana wakihakiki kazi kama Aurion ya Kiro'o Games ya Kamerun, iliyotoka 2016, wanalegeza mkono kwa sababu ni yetu. Naelewa mapenzi hayo na ninayo. Lakini mtengenezaji wa Yaoundé au Nairobi anahitaji kuambiwa mahali mapigano yanapochosha kama anavyoambiwa Mjapani, la sivyo gemu yake ya pili itakuwa na kasoro za ya kwanza. Mwambie kijana asifu kwa mifano na akosoe kwa mifano, kwa kipimo kile kile.

Sasa adabu ya kusema haya yote. Usimjibu kwenye grupu la familia. Mfuate kwenye ujumbe wake binafsi, au bora zaidi mkae pamoja, msomee kwa sauti aya aliyoiandika, aisikie mwenyewe. Usimwandikie upya hata sentensi moja, hata ukiona unaweza kuipamba, kwa sababu siku hiyo rivyu itakuwa nzuri na yeye atakuwa hajapiga hatua. Kiswahili chake cha Mombasa kiache kilivyo, ndicho wasomaji wake wanachozungumza. Tahajia na nukta mwambie mwisho kabisa, rivyu ikishasimama. Ukishuku kwamba aya fulani ameinakili kwenye mtandao, usimwite mwizi. Mwulize ilikuwaje alipofika hapo, alibonyeza nini, nani alikuwa pembeni yake. Aliyecheza ataeleza mpaka umchoke. Ambaye hakucheza atanyamaza, na mara nyingi aya ile ataiondoa mwenyewe bila aibu ya kushtakiwa.

Nikirudi kwa hiyo rivyu ya EA Sports FC: mpe kazi moja ndogo. Vibanda vingine bado vina FIFA 23, ya mwisho iliyobeba jina la FIFA kabla EA haijaanza na FC 24 mnamo Septemba 2023. Mwambie amwandikie mwenye kibanda wa mtaani kwenu anayejiuliza kama anunue mpya au abaki na ile. Acheze zote mbili, siku moja ikiwezekana, kwa padi ile ile, kisha aeleze ni nini mteja anayelipia mechi ataona kimebadilika mbali na majina ya wachezaji na jezi. Aya tatu zinatosha, na namba aiache kando kwa sasa. Akimaliza, na akiridhia mwenyewe, iweke hapa kwenye uzi huu. Nitaisoma yote na kumjibu.